Mwaka mzima na kipima mionzi cha shilingi 9,800 hapa Mombasa

Naandika hii manake yadini na hata mtaani kila siku naulizwa, ile mashine yako inayolia tik tik uliitoa wapi, ni bei gani, na je inasema kweli. Nimekaa nayo mwaka na miezi miwili. Nimeipeleka Likoni, Kwale, Kilifi, imeanguka mara mbili, na nina daftari zima limejaa nambari tu. Kwa hio nitakayosema hapa ni ya kuona kwa macho yangu, na yale ya ajali za vinu vya nyuklia vya Chernobyl na Fukushima nimeyasoma kwa utuvu kwa sababu mashine hii ukishakua nayo huwezi kulala bila kutaka kujua.

Mimi nauza magari. Yadi yetu ina gari za Japani karibu zote, na tangu ile ajali ya Fukushima, Machi 2011, gari za kutoka huko zikawa zinapimwa mionzi kabla ya kupakiwa melini. Mteja wa Mombasa anajua hayo, anakuja anafungua boneti anauliza, hii imepimwa? Cheti kipo, namuonyesha, basi. Siku moja mzee mmoja mteja wetu wa zamani akakishika kile cheti akakiangalia mbele na nyuma akaniambia, "Mwanangu, karatasi nimeiona, wewe mwenyewe umepima?" Nikamwambia sijapima mzee wangu. Akanyamaza, akanunua gari yake akaenda zake, lakini lile swali lilinikaa kooni wiki nzima. Ndipo nikaagiza.

Bei ilikua 9,800, usafiri na ushuru ukaongeza kama 2,600, jumla 12,400. Ilichukua wiki tano kufika, na wiki mbili katika hizo ilikua imekaa hapa hapa mjini kwenye ofisi ya mizigo, kila nikienda naambiwa bado, mpaka nikaingia mwenyewe nikaiona kwenye rafu imewekwa juu chini. Ukiagiza chako fuatilia, usingoje kupigiwa simu.

Ukubwa wake ni kama zile simu za zamani za vibonyezo. Ndani mna mrija wa glasi mwembamba kama kalamu ya biro, umejazwa gesi. Mionzi ikipita ndani ya ule mrija umeme unaruka kidogo, na kila kuruka ndio hio tik unayoisikia. Mashine inahesabu tik ngapi kwa dakika alafu inazigeuza kua maikrosiveti kwa saa, hicho ndicho kipimo cha mionzi inayoufikia mwili. Hapo nyumbani kwetu Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, inasoma 0.07 mpaka 0.09. Nlipoingia nayo kwenye jengo moja la ofisi mjini lenye sakafu ya graniti ikapanda mpaka 0.18. Nlishtuka, kumbe ni kawaida tu, graniti ina urani na thoriamu kidogo ya kuzaliwa nayo, madini yenye mionzi, mawe ya matumbawe yana kidogo zaidi. Wazee wetu walijenga vizuri hata bila kujua hilo.

Kasoro zake nizitaje sasa. Betri iliyokuja nayo ilikufa mwezi wa tatu. Kitabu cha maelezo ni kibovu, kimeandikwa kama kwamba aliyeandika hajawahi kuishika mashine yenyewe. Alam imewekwa chini mno kiwandani, inapiga kelele kwa vitu visivyo na maana, nenda kwenye setingi uipandishe. Na kubwa kuliko zote ni chumvi. Sisi tunaoishi ufuoni tunajua chumvi inavyokula chuma, basi zile springi za betri zilishika kutu ya kijani ndani ya miezi mitano mashine ikawa inazima zima yenyewe, nikampelekea fundi wa simu pale Mwembe Tayari akaisugua akachomelea upya kwa mia tano. Tangu hapo naiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Imetulia.

Sasa, je inapima kweli? Hili lilikua swali langu la kwanza, manake mashine inaweza kukaa inaonyesha 0.08 mpaka kiama na ikawa ni kipande cha plastiki tu. Nlikumbuka karabai. Kile kisoksi cheupe kinachowaka ndani ya karabai, vile vya zamani vilitiwa thoriamu ili mwanga uwe mkali, na thoriamu ina mionzi. Nikaenda kwa mzee mmoja muuza vyombo vya zamani akanitafutia kimoja kwenye boksi lililojaa vumbi, hakijawahi kuwashwa. Nikakilaza kwenye bamba la meza, nikaishusha mashine juu yake polepole. Tik... tik tik... alafu ikawa kama mchele unamwagwa kwenye sinia. Kutoka 12 kwa dakika mpaka 200 na kitu. Nikainua mkono, ikapoa. Nikashusha, ikachachamaa. Basi nikajua mrija uko hai. Kisoksi nimekifunga kwenye chupa ya glasi na nakitumia kila mwezi kukagua kama mashine bado ina akili zake, na tafadhali usikivunje vunje, lile vumbi lake usilivute.

Jambo ambalo hakuna muuzaji atakuambia: nambari zinaruka. Dakika hii 9, dakika ijayo 16, na hakuna kilichobadilika. Ni kama rasharasha kwenye bati, ukihesabu matone ya dakika moja utapata haya, ya dakika nyingine yale, na mvua ni ile ile. Kwa hio usisome dakika moja ukaanza kupiga simu kwa watu. Mimi napima dakika kumi, nagawanya kwa kumi, naandika. Siku za mwanzo sikulijua hili nikawa natembea nyumba nzima nasema hapa pabaya, hapa pazuri, mama watoto akaanza kuhamisha kitanda. Haikua haki yake.

Alafu ikaja mvua ya kwanza ya masika. Nlikua barazani, mashine iko dirishani, mvua ikashuka ile ya kishindo, baada ya nusu saa naangalia imepanda mpaka 0.13. Moyo ulinipiga. Nikatoka nikapima bati, nikapima maji ya mtungi, nikakaa nayo mpaka saa nne usiku, ikawa inashuka yenyewe pole pole mpaka 0.08 yake. Nlikuja kujua ni kawaida, ardhi hutoa gesi ya radoni, inavunjika hewani inakua chembe ndogo ndogo, mvua inazisomba inazileta chini, na zinakufa ndani ya saa moja mbili. Inatokea dunia nzima tangu mvua iumbwe. Lakini fikiria kama ningenunua mashine hii siku ambayo redio imetangaza kinu kimelipuka mahali, na mvua inyeshe jioni ile, nione 0.13. Ningewapakia watoto kwenye gari usiku ule ule nikimbilie Voi, kwa sababu ya mvua ya kawaida.

Ndio maana nasema kwa kila anayeniuliza, kama unataka mashine hii, nunua sasa wakati hakuna kitu. Kazi yake kubwa ni kukujulisha kwenu kukoje siku za amani. Siku ya shari ikija, mwenye mashine mpya hajui 0.13 ni nyingi ama kidogo, mwenye daftari anajua.

Sasa nieleze kilichonifundisha zaidi ya yote, na nina ruhusa yake kukieleza. Shangazi yangu wa Majengo tezi ya shingo yake ilikua inafanya kazi kupita kiasi, amekonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka hata kikombe cha kahawa hashiki. Madaktari wakampa iodini yenye mionzi, anainywa mara moja, inaenda kwenye tezi inaitia adabu. Aliinywa Nairobi, akakaa huko siku mbili, siku ya tatu akaletwa Mombasa na gari ya nyumbani amekalishwa nyuma peke yake. Aliagizwa asiwakaribie watoto wala mwenye mimba kwa muda, alale peke yake, vyombo vyake mbali.

Nikaenda kumuamkia. Mashine iko mfukoni nimeisahau. Nafika mlangoni tu, hata hodi sijamaliza, ikaanza kupiga kelele nyumba nzima ikasikia. Nlitahayari. Shangazi akacheka akaniambia, "Ndio mimi huyo mwanangu, nipime basi nijue nina taa kiasi gani." Akakaa kwenye kiti chake, mimi nikatandaza futi ya fundi cherehani sakafuni. Pale mlangoni, mita tatu, ilisoma 1.1. Mita moja kutoka kwake, 9.4. Angalia hesabu hio vizuri, nimekaribia mara tatu, nambari imepanda karibu mara tisa. Tangu siku hio nikimwambia mtu kaa mbali, naelewa nasema nini, hatua mbili za kurudi nyuma zinafanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi.

Nikamuomba nije kila baada ya siku nane, akakubali, akawa ananiwekea mahamri kwenye sahani ya mlangoni. Siku nane manake iodini hio, iodini 131, kila siku nane nusu yake inakua imekwisha yenyewe. Ziara ya pili, mita moja, ilisoma 3.6. Imeshuka kuliko nusu, kwa sababu na mwili nao unaitoa kwa njia yake. Ilipofika mwezi ilikua 0.3. Maashallah leo kikombe anashika, na wajukuu wanamlalia mapajani.

Iodini hio hio ndio iliyotoka Chernobyl, Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya Moscow. Tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23 usiku, kinu nambari nne kililipuka wakiwa wanafanya jaribio, kikawaka siku nyingi kikitupa moshi juu. Mji wa Pripyat ulikua hapo karibu, watu kama 49,000, waliamka asubuhi ya Jumamosi watoto wakaenda shule. Mabasi ya kuwahamisha yalianza kuondoka siku ya pili yake saa nane mchana. Dunia ilijuaje? Tarehe 28, kule Forsmark, Sweden, kwenye kinu chao wenyewe, mfanyakazi alipita kwenye mashine ya kupimia mionzi na viatu vyake vikapiga alam. Wakatafuta uvujaji kwao wasiuone, kumbe imeletwa na upepo na mvua kutoka kilomita 1,100, yaani kama hapa Mombasa mpaka Kampala kwa barabara. Jioni ile ndio Moscow ikatangaza.

Na wakati huo ng'ombe walikua wanakula majani, iodini imeshukia majani, imeingia kwenye maziwa, na maziwa yanaenda kwa mtoto. Tezi ya mtoto ni ndogo na ina kiu ya iodini kuliko ya mtu mzima. Kufikia 2005 saratani ya tezi zaidi ya 6,000 zilikua zimehesabiwa kwa waliokua watoto wakati ule Ukraine, Belarus na sehemu za Urusi. Wengi mno wao walitibiwa wakapona, lakini ni shingo zilizopasuliwa bure, manake dawa ya mkasa ule ilikua ni maneno mawili: msinywe maziwa. Uingereza mwaka 1957 kinu cha Windscale kiliposhika moto waliyamwaga maziwa ya mashamba ya pale kwa wiki kadhaa. Siku nane nane zikipita mara kadhaa iodini imekwisha. Nlipoona nambari za shangazi zinashuka kwenye daftari langu ndio hili nililielewa, kabla ya hapo nlikua nimelisoma tu.

Mjomba wangu ni mvuvi Uyombo, kule Kilifi. Mnajua habari zake, serikali ilipataja pale kua ndipo pa kujengwa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, mwaka 2024 watu wa pale wakaandamana, na siku hizi Siaya ndio inayotajwa sana. Mimi sikwenda Uyombo kubishana na mtu, nlienda na mashine. Nlipima ufuoni, chini ya mikoko ya mkono wa bahari wa Mida, kwenye mashua, kwenye jiko la shangazi wa huko, kisimani. Kote 0.06 mpaka 0.09. Mjomba akaniuliza, sasa hizi nambari nzuri za nini? Nikamwambia hizi ndizo za kukaa nazo. Kesho akija mtu yeyote, awe wa kinu ama wa mgodi ama wa nini, akawaambia hapa palikua hivi tangu zamani, nyinyi mna yenu yameandikwa na tarehe.

Akafikiri. Alafu akasema jambo ambalo sikuliona kwenye chochote nlichosoma: "Kaskazi ikikaza jahazi la Lamu linafika Mombasa lenyewe. Basi na moshi je?"

Ni kweli kabisa. Watu wakisikia ajali ya kinu wanachora duara kwenye ramani, kilomita 20, kilomita 30, ukiwa nje ya duara uko salama. Upepo haujui duara. Kule Fukushima tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la 9.0 likaja na tsunami ya kama mita 14, ikaruka ukuta, ikazamisha jenereta za dizeli, pampu za kupooza zikasimama na vinu vitatu vikayeyuka ndani. Siku za mwanzo upepo mwingi ulikua unapeleka baharini. Tarehe 15 ukageuka kaskazini magharibi, mvua na theluji zikashuka, na pale ziliposhuka ndipo sumu ilipokaa. Kijiji cha Iitate kiko kama kilomita 40, nje ya duara zote, watu walikaa pale wiki kadhaa na agizo la kuhama likaja tarehe 22 Aprili. Na watu wa mji wa Namie walikimbilia mtaa wa Tsushima wakidhani wamekimbia shari, kumbe wameifuata, moshi ulipita juu yao. Serikali ilikua na mtambo wa kompyuta unaokadiria upepo unapeleka wapi, makadirio yalikuepo, wao hawakuambiwa. Nikifika hapo huwa nafunga simu kwanza. Watu wamebeba wazazi wao na vikapu vya chakula, wanakwenda kule kule, na kuna ofisi ina ramani.

Baada ya hapo wananchi wa Japani walianza kupima wenyewe, kuna kundi la kujitolea linaitwa Safecast lilifunga vipimo kwenye magari likazunguka barabara kwa barabara likaweka nambari wazi kwa kila mtu. Vipimo vyao ni ndugu wa hiki nnachokisifu hapa, mrija na hesabu tu.

Sasa chukua maneno ya mjomba uyaweke kwetu. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi, inatoka kaskazini mashariki, kitu kikitoka Uyombo kinakuja huku chini, Kilifi mjini, Mtwapa, Mombasa, na bara ya Kaloleni. Kusi ikishika, kinapanda Malindi na Ganze. Na masika ikiwa imeanza, penye mvua ndipo patakapokua pabaya, hata kama ni mbali. Mvuvi yeyote wa pwani hii anaijua hio ramani kuliko duara la kilomita 30. Mimi kwenye daftari sasa kila nambari naandika pembeni: kaskazi, kusi, ama matlai, na mvua ipo ama haipo.

Mlima Mrima, Kwale, nlienda kwa sababu kila mtu ananiambia huko kuna mionzi ya asili. Ipo. Udongo wake una thoriamu na madini adimu, na ni kaya ya Wadigo, msitu mtakatifu, kwa hio nlitafuta wazee kwanza na mzee mmoja akapanda na mimi. Chini barabarani 0.12, tunapanda inapanda, juu kwenye udongo mwekundu ilitulia 0.6, pahala pamoja 0.9. Mzee akasikia zile tik akasema hio sauti babu zake hawakuihitaji, walishasema hapa pasichimbwe. Sikua na la kujibu.

Isichoweza, na hapa nawaomba msome vizuri manake watu wanaweza kudanganyana. Haiwezi kukuambia samaki ni salama. Kipimo cha chakula kinafanywa maabara, Japani kiwango chao ni bekereli 100 kwa kilo, yaani kipimo cha mionzi iliyomo ndani ya chakula, mashine hii ukiiweka juu ya changu mwenye kiasi hicho itasoma 0.08 kama kawaida. Wale wanaouliza kuhusu yale maji ya Fukushima yaliyoanza kumwagwa baharini Agosti 2023, kilichobaki mle hasa ni tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi, na mionzi ya tritiamu ni dhaifu haipiti hata glasi ya mrija. Haisikii, kwisha. Mionzi ya alfa, ile inayozuiwa hata na karatasi, pia haisikii.

Na haijui sumu isiyo ya mionzi. Kijana mmoja aliniletea udongo kwenye kopo la rangi kutoka Owino Uhuru, kule Jomvu, watu waliotiwa sumu ya risasi, yale madini ya kwenye betri, na kiwanda cha betri kuukuu, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Akaniambia kaka nipimie hii nijue kama imepungua. Nikapima mbele yake. 0.09. Macho yake yakang'aa, ikabidi nimkatize upesi, nikamwambia hapana ndugu yangu, risasi haina mionzi, mashine hii ni kiziwi kwa risasi, udongo huu unaweza kua mbaya vile vile ulivyokua na hii ikasoma nzuri, peleka maabara, na watoto damu yao ipimwe. Alilifunga kopo lake na mfuniko akaenda. Tangu siku hio sikubali kupima kitu cha mtu kabla sijamuuliza anatafuta nini.

Kwa kazi yangu ya magari imenisaidia kuliko nlivyotarajia. Napima kichujio cha hewa, rejeta, raba za milango, na pale chini ya wipa vumbi linapojikusanya, manake sesiamu 137 ya Fukushima inachukua miaka 30 kupungua nusu, kwa hio bado haijafika hata nusu. Nimepima zaidi ya gari 60, hakuna iliyozidi ya ardhi iliyosimama juu yake. Mteja akiuliza sasa nampa mashine mkononi apime mwenyewe. Yule mzee wangu alirudi na gari yake, akapima, dakika kumi kamili amesimama juani hataki hata kiti.

Wauza skrepu, nyinyi ndio nnaowasihi kweli. Goiânia, Brazili, 1987: hakuna kinu, hakuna bomu. Mashine ya tiba ya saratani iliachwa kwenye jengo la zahanati iliyohamishwa, vijana wakaitoa wakaiuza yadi ya skrepu, ikavunjwa, ndani mna unga wenye mionzi unaong'aa samawati gizani. Watu wakagawiana wakaupaka mwilini, mtoto wa miaka sita akala chakula mikono ina ule unga. Wanne walikufa, watu 249 walikutwa nao mwilini ama nguoni, na zaidi ya 112,000 wakapangwa foleni kupimwa. Jirani yangu mwenye skrepu nlipomueleza hakumaliza siku, aliagiza chake. Kifaa cha 12,400 kingelia mlangoni pale kama kilivyolia kwa shangazi.

Kwa ujumla nakipa nyota nne. Nyota moja naitoa kwa springi na kile kitabu. Ukinunua, nunua na betri ya pili, pandisha alam, tafuta kisoksi cha karabai, na mwezi wa kwanza usipime kitu kingine chochote ila kwako, asubuhi na jioni. Daftari langu liko yadini, ukitaka kulipiga picha njoo tu. Mashine yenyewe hutaikuta mpaka Machi, mjomba ameniomba nimuachie kaskazi yote hii, nimempa na futi na penseli mbili.